Mwezi Ulipodhaniwa Kombora

Tarehe 5 Oktoba 1960 mwezi ulichomoza juu ya Norway kama unavyochomoza siku zote. Huko Thule, Greenland, Wamarekani walikuwa wametoka tu kuwasha rada mpya kubwa ajabu, kazi yake ikiwa moja: kuangalia upande wa Usovieti na kutoa onyo mapema makombora yakirushwa. Rada ikatuma mawimbi yake, mawimbi yakagonga mwezi, yakarudi. Kompyuta ikapiga hesabu na kutoa jibu lake. Marekani inashambuliwa.

Kule Colorado, kwenye makao ya NORAD, yaani kamandi ya pamoja ya ulinzi wa anga ya Marekani na Kanada, tahadhari ikapanda hadi ngazi ya juu kabisa. Naibu kamanda alikuwa Mkanada, Roy Slemon. Swali aliloliuliza ni rahisi hadi unaweza kucheka: Khrushchev yuko wapi? Akaambiwa kiongozi huyo wa Usovieti yuko New York, kwenye Umoja wa Mataifa. Sasa, ni nani atarusha makombora Marekani na bosi wake amekaa New York? Wakangoja. Hakuna kilichoanguka.

Waliotengeneza ile rada hawakuwa wajinga. Shida ni kwamba mtambo wao ulikuwa na masikio makali kuliko akili. Uliweza kusikia mwangwi kutoka umbali wa kilomita 384,000 hivi, lakini hakuna aliyekuwa ameufundisha kwamba huko mbali kuna kitu kinaitwa mwezi. Baadaye ukarekebishwa ili mwangwi wa mwezi utupwe. Hapo ndipo ninapotaka tuanzie, kwa sababu marekebisho hayo, ukiyatazama vizuri, ni kichujio. Ni ndugu wa kile kisanduku kidogo ambacho msichana wa Roysambu anayechunga tovuti za watu anakijaza leo usiku: usinitumie meseji mpaka tovuti ikose kujibu mara tatu mfululizo.

Kupiga hodi

Kwa ambaye hajawahi kuifanya, kazi ya kuchunga tovuti iko hivi. Kuna kompyuta mahali fulani inayobisha mlango wa tovuti yako kila baada ya dakika moja au tano. Hodi. Tovuti ikijibu, kompyuta inaandika kwamba mambo ni sawa na kwenda zake. Isipojibu kwa muda uliowekwa, inakutumia meseji: imeanguka.

Lakini ukibisha mlango na usijibiwe, kwani ni lazima mwenye nyumba awe amekufa? Pengine yuko bafuni. Pengine wewe umebisha mlango wa jirani. Pengine umepoteza sauti. Tovuti nayo inaweza kukosa kujibu kwa sababu seva imezidiwa kwa sekunde kumi, au njia kati yenu imekatika, au kompyuta inayobisha ndiyo iliyopoteza mtandao. Meseji inayokuja ni ile ile moja. Haikuambii ni ipi kati ya hizo.

Nilipoacha chuo, kazi kama hii ilinilipia nyumba kwa miezi kadhaa. Duka la viatu, shule ya chekechea, watu wa kutembeza watalii. Unalala na simu chini ya mto. Saa tisa usiku: imeanguka. Unafungua, iko sawa. Saa tisa na nusu: imeanguka. Iko sawa. Wiki ya pili mwili unajifunza kitu ambacho hukuufundisha, kwamba ule mtetemo chini ya mto hauna maana yoyote. Na ni mtetemo huo huo utakaokuja siku ambayo kweli kuna moto.

Sote tulisimuliwa shule ya msingi kisa cha kijana mchungaji aliyepiga kelele za uongo mpaka siku ya mnyama wa kweli akakosa wa kumsaidia. Tuliambiwa funzo ni usiseme uongo. Mashine haisemi uongo, na haina haya. Inafanya kazi iliyopewa. Kwa hivyo swali linahama kutoka kwa kijana kwenda kwa wanakijiji: ni nani aliyemwambia apige kelele kila jani likitikisika?

Nguo kwenye kamba

Swali hilo lilianza kuchunguzwa kisayansi kwa sababu ya vita. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la anga la Uingereza liligundua kwamba wanaotazama rada ndani ya ndege huanza kukosa kuona vitu vilivyo mbele ya macho yao. Mwanasaikolojia Norman Mackworth akatengeneza jaribio la saa: mshale unaruka hatua kwa hatua, na mara moja moja unaruka hatua mbili. Kazi yako ni kuuona huo mruko mrefu, kwa saa mbili. Alichapisha matokeo mwaka 1948. Baada ya nusu saa tu ya kwanza, watu walikuwa tayari wanakosa miruko mingi zaidi. Na si kwamba walikuwa wamelala. Walikuwa macho, wanatazama.

Miaka ya 1950 wahandisi wa mawasiliano na wanasaikolojia wakapata hesabu ya kulieleza jambo hili. Kila anayelinda anaweza kukosea kwa njia mbili: kupiga kelele bila jambo, au kunyamaza jambo likiwepo. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mama mmoja hapa kwenye ploti yetu huanua nguo kila wingu likipita. Nguo zake hazinyeshewi kamwe, lakini pia hazikauki. Jirani yake husubiri tone la kwanza. Zake hukauka haraka, na mara mbili kwa mwezi anazifua upya. Hakuna mjinga hapo. Kila mmoja amechagua kosa la kuishi nalo.

Hesabu yenyewe ni katili kidogo. Inasema kwamba kama unatazama mawingu yale yale, huwezi kupunguza kosa moja bila kuongeza lingine. Ukitaka kupunguza yote mawili, huna budi kupata ushahidi mwingine: upepo, redio, simu kwa rafiki aliye Ngong.

Na inasema kitu kingine, kwamba hofu husogeza mpaka. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na kabla ya hapo kulikuwa na maonyo kwamba vyuo vinaweza kushambuliwa. Siku kumi baadaye, kabla hakujapambazuka, mlipuko wa umeme ulisikika kwenye kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wakaamini wamefikiwa. Wengine waliruka kutoka ghorofani. Mwanafunzi mmoja alifariki na zaidi ya mia moja wakajeruhiwa. Mwezi mmoja kabla, mshindo ule ungekuwa stima imepotea tu, na watu wangelalamika kidogo na kugeuka upande wa pili wa kitanda. Kwa hivyo mtu asikwambie kengele ya uongo ni kelele tu isiyo na gharama.

Kengele mia kwa mpigo

Viwandani somo hili lilikuja kwa moshi. Tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, valvu moja ilikwama ikiwa wazi na maji ya kupoza mtambo yakaanza kutoroka. Ndani ya dakika chache kengele zaidi ya mia moja zikalia kwenye chumba cha udhibiti. Tume iliyoundwa na Rais Carter, ikiongozwa na John Kemeny, iliandika waziwazi kwamba hapakuwa na utaratibu wowote wa kunyamazisha zile zisizo muhimu ili wafanyakazi wazione zilizo muhimu. Printa iliyokuwa ikichapisha orodha ya kengele ilibaki nyuma ya matukio kwa zaidi ya saa mbili. Wazia: karatasi mkononi mwako inakueleza habari za saa mbili zilizopita, na mtambo unayeyuka sasa hivi.

Miaka 15 baadaye, Julai 1994, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven kule Wales kililipuka. Wachunguzi waligundua kwamba katika dakika 11 za mwisho, wafanyakazi wawili walitakiwa kushughulikia kengele 275. Hiyo ni kengele moja kila sekunde mbili na kidogo. Binadamu hawezi. Watu 26 walijeruhiwa. Kisa hicho kilichangia mwongozo wa EEMUA wa mwaka 1999, ambao hadi leo viwanda hutumia kuamua ni kitu gani kinastahili kuitwa kengele.

Ile kanda, ile chipu, yale mawingu

Wanajeshi nao waliendelea kufundishwa, na shule yao ilikuwa hatari kwetu sote.

Tarehe 9 Novemba 1979 skrini za NORAD zilionyesha shambulio kubwa la Usovieti. Ndege za kivita zikapaa. Ndege ya dharura ya rais ikapaa pia, bila rais. Walipouliza setilaiti na vituo vya rada moja kwa moja, vikajibu kwamba havioni kitu. Data ya mazoezi ilikuwa imeingia kwenye mfumo halisi. Baada ya hapo walijenga kituo tofauti cha kufanyia majaribio, nje ya makao.

Juni 1980, skrini tena. Safari hii namba zilikuwa zinarukaruka: makombora 2, kisha 200, kisha 2,200. Marubani wa ndege za mabomu wakawasha injini. Chanzo kilikuwa chipu ya senti 46. Ili kuhakikisha laini ya mawasiliano ni nzima, mfumo ulikuwa unatuma meseji muda wote yenye nafasi ya idadi ya makombora, ikiwa imejazwa sufuri. Chipu ilipoharibika ikaanza kuweka 2 mahali pa sufuri. Meseji ya kusema laini ni nzima ndiyo iliyosema dunia inaisha, na hapakuwa na ukaguzi wa kawaida wa kuuliza kama kilichofika ndicho kilichotumwa.

Kisha usiku wa 26 Septemba 1983, ndani ya Serpukhov-15, kusini mwa Moscow. Luteni Kanali Stanislav Petrov, miaka 44, alikuwa zamu. Wiki tatu kabla, Wasovieti walikuwa wametungua ndege ya abiria ya Korea Kusini na kuua watu 269, kwa hivyo kila upande ulikuwa umekaa kwenye ncha ya kiti. Setilaiti zikasema Marekani imerusha kombora moja. Kisha lingine, hadi matano. Petrov akawaambia wakubwa wake ni kengele ya uongo. Sababu zake zilikuwa za kawaida kabisa: hakuna anayeanza vita vya nyuklia kwa makombora matano, mfumo ulikuwa bado mpya na hakuuamini, na rada za ardhini hazikuona kitu. Baadaye alisema hakuwa na uhakika. Kilichoonekana kilikuwa mwanga wa jua ukimeremeta juu ya mawingu. Dawa yake ikawa kulinganisha na setilaiti nyingine inayotazama kutoka upande tofauti. Petrov mwenyewe alikaripiwa kwa kutojaza daftari la zamu.

Ukivisoma visa hivi kwa pamoja, unaona hakuna mahali ambapo dunia iliokolewa na kichujio kilichokuwa tayari kwenye mashine. Slemon aliuliza Khrushchev yuko wapi. Maafisa wa 1979 waliuliza rada. Petrov aliangalia ardhini. Kila mara kuna mtu aliyekataa kumwamini shahidi mmoja. Vichujio vilikuja baadaye, kama jaribio la kuandika hiyo busara ndani ya mtambo ili mtu wa zamu inayofuata asitegemee bahati.

Mtakatifu wa mtandao

Machi 1999 Mmarekani Ethan Galstad alitoa bure programu ya kuchunga seva na mitandao, akaiita NetSaint. Kulipotokea shida ya haki za jina, mwaka 2002 akaibadilisha kuwa Nagios, kifupisho cha kujichekesha kinachosema kwamba programu hii haitang'ang'ania tena utakatifu. Wachungaji wengi wa mitandao wa kizazi kilichopita, hapa kwetu na kwingineko, walijifunzia kazi humo. Programu nyingi za leo zimerithi mawazo yake, hata zikiwa na sura ya kupendeza zaidi.

Wazo la kwanza ni hali laini na hali ngumu. Tovuti isipojibu mara moja, hiyo ni hali laini: andika, nyamaza, bisha tena baada ya dakika moja. Ikikosa kujibu mara tatu, au idadi uliyoweka, hali inakuwa ngumu, na hapo ndipo mtu anaamshwa. Ni yule mama wa nguo akiamua kwamba wingu moja halitoshi.

La pili ni uzazi. Unaiambia programu kwamba seva hizi kumi zinapatikana kupitia ruta hii moja. Ruta ikifa, huletewi vilio kumi vya seva. Unaambiwa ruta imekufa, na zile nyingine hazifikiki. Kufa na kutofikika si kitu kimoja. Watu wa Three Mile Island wangeshukuru sana kupata hata nusu ya wazo hili.

La tatu ni kupapatika. Kuna huduma inayokufa na kufufuka, kufa na kufufuka, kama kuku aliyechinjwa vibaya. Nagios hutazama matokeo 21 ya mwisho na kupima yamebadilika kiasi gani. Yakizidi kiwango, inasema huduma hii inapapatika na kuacha kukutumia meseji za kila badiliko.

Kisha kuna muda wa matengenezo: ukijua utazima seva Jumapili saa nane usiku, unaiambia programu mapema. Ile data ya mazoezi ya 1979 ilikuwa somo hili hili. Na kuna kubisha kutoka miji tofauti: Frankfurt ikisema tovuti imeanguka lakini London na Virginia zinasema iko sawa, huenda shida ni ya Frankfurt. Hii ndiyo dawa ya Petrov, sasa unaipata kwa dola chache kwa mwezi.

Waliotupwa na kichujio

Kufikia hapo hadithi inaonekana kama imeisha vizuri. Haijaisha, kwa sababu ile hesabu katili bado ipo.

Mwishoni mwa 2013 wezi waliingia kwenye mitandao ya Target, maduka makubwa ya Marekani. Kulingana na uchunguzi wa wanahabari uliochapishwa mwaka uliofuata, mtambo wa ulinzi uliwaona. Ulitoa onyo. Timu iliyokuwa ikichunga kutoka Bangalore ikalipeleka makao makuu Minneapolis. Hakuna kilichofanyika kwa wakati. Hata uwezo wa mtambo kufuta programu hasidi wenyewe ulikuwa umezimwa. Namba za kadi milioni 40 zikaondoka. Onyo la kweli lilipita mikononi mwa watu likafanana na mengine yote. Ndiyo maana wahandisi wa Google, katika kitabu chao cha 2016 kuhusu kutunza mifumo mikubwa, walisisitiza kwamba kinachomwamsha mtu kiwe kitu cha dharura anachoweza kukifanyia jambo. Mengine yaandikwe, yasomwe asubuhi.

Lakini kuna upande mwingine ambao sisi wa huku tunaujua kuliko wao. Hebu fikiria tena ile kura ya miji. Mteja ana duka la mtandaoni, wanunuzi wake wako Nairobi, Nakuru na Kisumu. Tovuti inabishwa kutoka London, Frankfurt, Virginia na, tuseme, kituo kimoja cha Afrika. Kituo hicho kinasema sifiki. Vingine vitatu vinasema iko sawa. Kichujio kinapiga kura, tatu kwa moja, na kuamua kwamba Afrika inapiga kelele za uongo. Hakuna anayeamshwa. Nakuru hakuna anayeweza kununua kiatu, na kwenye ripoti ya mwisho wa mwezi duka limekuwa wazi muda wote.

Hili si jambo la kuwazia tu. Jumapili ya 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya, Tanzania na majirani ikawa ya kutambaa. Seva zilizo Ulaya hazikuhisi kitu. Aliyeweka mashahidi wake wote Ulaya aliona kijani kibichi kwenye skrini siku nzima.

Halafu ikaja Jumanne, 25 Juni 2024. Siku moja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano ilisema haina nia ya kuzima mtandao. Siku yenyewe vijana waliingia Bungeni, risasi zikalia, watu wakafa, na mtandao ukaanza kukatika mikononi mwetu tukiwa tunatafutana. NetBlocks, shirika linalopima upatikanaji wa intaneti duniani, likaripoti kwamba mtandao wa Kenya umevurugika pakubwa. Kampuni kubwa za simu zilisema ni kebo za chini ya bahari. Watu wengi hawakuamini. Mimi hapa sitaki kuamua kesi hiyo. Ninachosema ni kwamba tuliweza kubishana tukiwa na grafu mkononi kwa sababu kulikuwa na mtu anayepima mtandao wa huku, na kwa sababu kipimo chake hakikuwa kimeamua mapema kwamba Kenya ikinyamaza ni kelele za kawaida za njia.

Kwa hivyo ukiwa unaweka vichujio vyako, weka. Subiri mara tatu kabla ya kumwamsha mtu. Panga nani ni mzazi wa nani. Nyamazisha kinachopapatika. Lakini hakikisha shahidi mmoja amekaa mahali walipo watu wanaoitumia hiyo tovuti, kwenye laini za simu wanazotumia wao, na yeye umpe haki ya kukuamsha peke yake hata miji mingine yote ikimpinga.

Na usitupe makapi. Anayepepeta mchele hutazama chini ya ungo, maana punje nzima nazo huanguka. Kila arifa iliyonyamazishwa iandikwe mahali, na mara moja kwa wiki mtu akae na chai yake aisome orodha. Nyingi zitakuwa mwezi ukichomoza. Anachotafuta ni ile moja ambayo siyo.